Wayo Uliolala Vibaya

Tangazo. Mimi, Eneliko mwana wa Shemasi Aperaamo, mwanafunzi wa shule ya bweni ya kanisa, mshindi wa pili wa midahalo katika kisiwa chote cha Savai'i, leo nakata shauri lililowashinda maaskofu na maprofesa tangu dunia iumbwe, au ijiumbe yenyewe: nani mkweli kati ya dini na sayansi, na ni kitu gani hasa kipo na kipi hakipo. Nimejiandaa. Nimevaa shati. Naomba utulivu.

Nilikuwa nimefika hapo katika kuandika baba aliponiita nikalishe nguruwe.

Nimerudi. Mikono inanuka, lakini shauri ni lile lile. Na msije mkaniuliza nimejuaje maneno yaliyosemwa nikiwa sipo. Nyumba zetu ni nguzo na paa, hazina kuta. Mtu akipiga chafya upande wa baharini, upande wa milimani wanamtakia afya njema. Anayetaka siri angezaliwa mahali pengine.

Shauri lenyewe linahusu wayo wa kulia wa mama yangu, Fiapaipai.

Alikanyaga kipande cha tumbawe ufukweni, kikaingia chote. Alitembea nacho ndani ya nyama wiki nzima asijue, kwa sababu sukari ilikuwa imekwisha kula hisia za miguu yake. Jumapili alipita katikati ya kanisa kwenda kwenye kwaya, gauni jeupe, kofia nyeupe, kichwa juu, na nyuma yake sakafuni zikabaki alama nyekundu za mguu mmoja. Mimi nilikuwa nyumbani kwa likizo, nimekaa kiti cha nyuma. Nilidhani amekanyaga rangi, nikajiandaa kucheka. Mke wa mchungaji alivua shali yake akaanza kupangusa sakafu huku wimbo ukiendelea, na mama akaimba mpaka mwisho akijiuliza kwa nini watu wanamtazama miguuni.

*

Hospitali kubwa iko ng'ambo, mjini, na kwenda huko ni kwa feri. Tulimbeba mama kwa machela. Mfanyakazi wa feri alisema juu hakuna nafasi ya mtu wa kulala, tumweke chini kwenye malori. Tukamlaza kati ya gari la samaki na magunia ya magimbi. Feri ilipotia nanga mfanyakazi mwingine alikuja akihesabu vitu, akamwuliza baba kama mzigo huu ni wa kwake. Baba alijibu ndiyo kabla hajalielewa swali. Mama alicheka. Alisema afadhali ameulizwa baba, maana angeulizwa yeye angesema hamjui mwenye mzigo.

Daktari alikuwa kijana mwenye macho ya mtu asiyelala. Alisema wayo umekufa, ukatwe kwenye kifundo, na kama kidonda hakitafunga mara moja atakata tena juu zaidi. Baba alikubali. Alikuwa amekuja na sanduku dogo alilolitengeneza mwenyewe, lenye kitambaa cha gome ambacho mama alikigonga na kukichora kwa mkono wake kabla sijazaliwa. Kiungo cha mtu kinarudi nyumbani, kinazikwa mbele ya nyumba, kando ya babu na bibi. Baba hakumwambia daktari kwamba tunautaka wayo. Kwa nini aseme? Ni nani duniani angedhani kwamba hatuutaki?

Mama alikatwa mchana. Kesho yake asubuhi nilikuwa nimeketi kando ya kitanda chake alipoamka ghafla akishika hewa chini ya bandeji. Alisema wayo unaungua. Hakupiga kelele, alisema kwa mshangao, kama mtu aliyemwagiwa uji. Muuguzi alimwambia ni dawa ya usingizi inaisha, akamchoma sindano.

Baadaye baba alinipa sanduku, akanituma nikaulize wayo unatolewa wapi. Nilitumwa kutoka dirisha hadi dirisha. Muuguzi mmoja alimwita mwenzake aje alisikie swali langu, nikalirudia mbele ya watu wanaosubiri dawa, na watoto wawili wakacheka. Mwishowe nikafika nyuma ya majengo, kwenye tanuri la kuchomea taka, ambako mzee mmoja alikuwa anakula shelisheli iliyochomwa.

"Vya jana nimevichoma vyote," alisema.

"Saa ngapi?"

"Asubuhi hii. Mlikuwa mnautaka?"

Nilimwambia tulikuwa tunautaka. Alisema pole, kama unavyomwambia mtu aliyeachwa na basi, akanimegea shelisheli. Nilikula. Nilikumbuka mama alivyoamka asubuhi ile ile, kisha nikaamua kutokumbuka, kwa sababu mimi ni mtu wa sayansi.

*

Sasa mnijue vizuri. Mwaka jana nilipuliza kome la kuwaita watu kwenye sala kabla ya wakati wake. Kijiji kizima kikapiga magoti huku vyakula vikiungua mekoni, na baraza la wazee likamtoza baba nguruwe mmoja na katoni ya samaki wa kopo. Shuleni niliwahi kumsajili mbuzi kuwa mwanafunzi, akaitwa kwenye mahudhurio wiki mbili na akapewa adhabu kwa utoro. Kwa hiyo mkisikia nilichofanya msidhani nilikuwa nacheza. Kipaji kilikuwa kile kile, ila moyo haukuwemo.

Sikuweza kurudi kwa baba na sanduku tupu. Nilifikiria kwanza gimbi, lakini gimbi lingeota, na kijiji kingepata muujiza. Ufukweni nyuma ya hospitali nikaona jiwe jeusi la volkano, refu kidogo, limebinuka katikati kama unyayo. Nililifunga bandeji. Likawa linagonga ndani ya sanduku, nikalikaza kwa soksi zangu za shule. Nikalifunika kwa kitambaa cha mama na kupigilia misumari. Sijawahi kutengeneza kitu kwa uangalifu kama ule.

Baba alilipokea kwa mikono miwili. Alilipima uzito, akaniambia, "Kumbe ni mzito hivi," na machozi yakamtoka. Ni mara ya kwanza nilimwona akilia. Ningesema saa ngapi baada ya hapo?

Tuliporudi nyumbani na mama, tulilizika sanduku Ijumaa, mbele ya nyumba, mchungaji akisoma maneno mafupi kwa kuwa hakuna ibada iliyoandikwa kwa ajili ya wayo. Tukapanga juu yake kokoto nyeupe. Mama aliangalia kutoka kwenye mkeka wake, ameegemea nguzo. Alisema sasa anajua mazishi yake yatakuwaje, na wimbo wa pili ubadilishwe.

*

Moto haukuisha. Ulikuja asubuhi, ulikuja wakati wa chakula, ulikuja mama akiwa katikati ya sentensi. Alikuwa anakunja uso na kuangalia pale mkekani ambapo hapakuwa na kitu. Na chini ya bandeji kidonda kilikataa kufunga. Daktari alikuwa ametuambia turudi baada ya wiki ili akate tena, chini ya goti, kabla sumu haijapanda. Wiki ikaisha. Mama akasema haendi.

"Huu mmoja mmeulaza vibaya," alimwambia baba. "Unaniunguza usiku na mchana. Siwapi mwingine mpaka wa kwanza utulie."

Hapo ndipo shauri la dunia lilipohamia nyumbani kwetu. Alikuja Bibi Moevao, shangazi wa baba, anayejua majani ya kila ugonjwa ingawa macho yake yanaona mwanga tu. Alikuja mchungaji. Alikuja mjomba Pesamino, kaka wa mama, anayefundisha sayansi katika shule ya wilaya na ambaye mimi humwiga hata anavyokohoa. Wakaketi kila mmoja na nguzo yake, wakaletewa kakao, wakaanza.

Bibi Moevao alisema jambo hili halina ugumu. Mfupa ukilala vibaya mwenye mfupa haponi. Huenda vidole vimekunjwa, huenda mzizi umepita, pengine umelazwa kifudifudi. Ufukuliwe, upakwe mafuta ya nazi, unyooshwe, ufukiwe. Mchungaji alisema huo ni upagani, na kwamba Mungu aliyemfanya Adamu kwa udongo hawezi kushindwa na wayo mmoja siku ya ufufuo, hata ukiwa umekunjwa.

"Baba yako tulimtoa mzizi wa mshelisheli kwenye tundu la jicho," Bibi Moevao alimwambia, "na kichwa chako kikaacha kuuma. Ulikuwa darasa la tatu. Ulikuja kunishukuru na kuku."

Mchungaji akanywa kakao yake.

Mjomba alikuwa akisubiri. Alitoa kalamu, akachora ubongo nyuma ya kalenda ya kanisa, akachora na neva zikishuka kama mizizi. Alieleza kwamba wayo hauhisi chochote. Kinachohisi ni kichwa, na kichwa hakijapata habari kwamba wayo umeondoka. Ni kama redio inayonguruma baada ya kituo kufungwa. Alieleza vizuri sana. Mimi nilimsaidia kwa mifano miwili ya kitabuni, na baba akanitazama kwa fahari.

"Kwa hiyo, dada," alimaliza mjomba, "kitu kisichokuwepo hakiwezi kuungua."

Mama alijiegemeza vizuri kwenye nguzo. Kisha akasema, "Pesamino, wayo ulipokuwepo, tumbawe lilikaa ndani wiki nzima, sikusikia kitu. Sasa haupo, nasikia mpaka ukucha wa kidole kidogo. Hebu niambie, mwalimu. Ni lini ulikuwepo?"

 Mjomba aliangalia mchoro wake, akaongeza neva moja pembeni.

Neno moja langu lingeumaliza mdahalo ule. Ningesema hakuna wayo shimoni, ni jiwe, na jiwe halikunji vidole. Bibi Moevao angeshindwa palepale, mjomba angeshinda, mama angebebwa kwenda feri siku ile. Nilikuwa nalo mdomoni. Lakini wangeuliza wayo uko wapi, ningejibu umechomwa, wangeuliza lini. Na mama alikuwa amekwisha kusema, mbele ya wote, kwamba unaungua. Hajasema unabana. Hajasema umekunjwa. Hayo ya kukunjwa waliyaleta wenyewe.

Kwa hiyo mshindi wa pili wa midahalo aliomba kakao zaidi.

*

Walibishana siku nyingi. Mjomba aliondoka amekasirika, akarudi, akaondoka tena. Baba hakuweza kuamua kinyume cha shangazi yake, wala kinyume cha mchungaji akiwa yeye ni shemasi, wala kinyume cha shemeji yake mwenye kalamu. Alipalilia magimbi yasiyo na magugu.

Wakati huo kidonda kikaanza kunuka. Wageni waliokuja kumjulia hali wakaanza kuchagua nguzo za upande unakotoka upepo. Walifanya kwa adabu: huyu alisema jua linamuumiza macho, yule mgongo. Upepo ulipogeuka alasiri wote walihama pamoja. Mama aliwaona. Alijipaka mafuta ya maua shingoni mpaka yakachirizika, akawauliza habari za watoto wao. Mke wa mchungaji alipoaga mapema, mama alimwomba radhi kwa ile shali aliyoipangusia damu kanisani. Mwenye shali alisema ah, ilikuwa kuukuu, kumbe sote tulijua aliinunua Pasaka. Usiku ule mama hakula.

Asubuhi alikuwa na homa. Alikuwa ananiita kwa jina la kaka yake. Baba alimtazama kwa muda, akainuka, akachukua koleo.

*

Mchungaji alisema hatakuwepo, kisha akawepo, amesimama upande wa barabara amefumba macho ili, alivyosema, awe anaomba tu. Bibi Moevao alikaa kwenye kiti karibu na shimo, chupa ya mafuta mapajani. Mjomba alikataa kukaribia. Alibaki ndani akimpepea dada yake, amegeuka upande mwingine. Mimi niliambiwa nishike kitambaa kipya. 

Baba alishuka shimoni mwenyewe. Alitupa mgongo kwetu, kwa heshima, kama mtu anayembadilisha mgonjwa nguo. Tulisikia misumari ikitoka mmoja mmoja. Tukasikia kitambaa. Halafu hatukusikia kitu.

Niliona mabega yake yakisimama. Najua alichokiona: bandeji imeteleza, jiwe jeusi, na soksi mbili za kijivu zenye herufi za kwanza za jina langu, ambazo mama alizidarizi ili zisiibiwe bwenini.

"Vipi, mwanangu?" Bibi Moevao aliuliza.

Baba yangu hajawahi kusema uongo. Wanaomdai wanajua, wanaomchukia wanajua. Ndiyo maana baraza lilipouliza nani alipuliza kome aliinuka akanitaja kabla hawajamaliza swali. 

"Vidole vilikuwa vimekunjwa," alisema.

"Nilisema mimi."

"Naomba mafuta."

Akalipaka jiwe mafuta. Alilipaka taratibu, juu na chini, na kila mahali ambapo pangekuwa na kidole. Akanyoosha mkono bila kugeuka, nikampa kitambaa. Hakunitazama. Alipotoka alisema kwa sauti ya kufika nyumbani, "Nimevinyoosha, mama Eneliko. Umelala vizuri sasa."

Mama alikuwa amejiinua kwa kiwiko, anatuangalia. Bibi Moevao akauliza kwa kelele kama bado unauma. Mama alimtazama baba mpaka mjomba akaacha kupepea.

"Umepungua," alisema. "Nipelekeni basi huko feri."

Bibi Moevao akamshukuru Mungu, mchungaji akafumbua macho na kusema amina. Mjomba alisema kwa sauti ndogo kwamba ubongo ukiamini umetulizwa unatulia, ni jambo linalojulikana. Kila mmoja alikuwa ameshinda. Mimi nilisubiri mkanda. Nilisubiri siku ile, na kesho yake, na ndani ya feri. Baba hakuniuliza wayo uko wapi, kwa sababu angeuliza ningemjibu. Sijawahi kupigwa vibaya kama nilivyopigwa kwa kutopigwa.

*

Daktari alifungua bandeji, akasimama. "Mlikuwa wapi?" aliuliza.

"Tulikuwa tunabishana," baba akajibu.

Daktari aliita wauguzi. Hakukata chini ya goti. Alikata juu yake. Mimi nilisimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji tangu walipomwingiza. Kila aliyepita nilimwambia sisi tunautaka mguu. Nilimwambia muuguzi, nikamwambia mfagiaji, nikamwambia mtu aliyekuja kutengeneza taa. Yule muuguzi aliyewahi kumwita mwenzake aje anicheke aliniletea kiti, akasema pole, mdogo wangu, nitakuletea mwenyewe. Akaleta. Nilivuka nao nikiwa nimeupakata, umefungwa kwa mkeka. Mfanyakazi wa feri akaniuliza kama ni mzigo.

"Ni mama yangu," nilimwambia. Akasogea.

Baba aliuzika kwa mkono wake, umenyooka, goti limeelekea juu. Kisha tukarudi hospitali kumchukua mama. Daktari alisema sumu ilikwisha kuingia kwenye damu, na kwamba nyumbani ni pazuri kuliko wodini. Hakutupa tarehe ya kurudi.

Hayo yalikuwa juzi. Sasa naandika nikiwa nimeketi kando ya mkeka wa mama, kalamu mkono mmoja, upepeo mkono wa pili. Baba alinituma kwa nguruwe, nikarudi. Sasa yuko shambani. Mama amelala. Nimeleta ushahidi wote wa pande zote, na sasa, kama nilivyoahidi katika tangazo langu, natoa hukumu. Hukumu ni hii: kitu kilichopo ni kile ambacho

*

Mama aliniita.

Sauti yake imekuwa ndogo, lakini akili ilikuwa imerudi. Aliniuliza naandika nini. Nilimwambia insha ya shule.

"Goti limetulia," alisema. "Muundi umepoa kabisa, nausikia umelala. Wayo peke yake ndio unaungua."

Nikapepea kwa nguvu zaidi.

"Uliupeleka wapi, Eneliko?"

Nilimwambia, mama, si baba aliunyoosha, si ulisema mwenyewe umepungua.  Alisema alimwona baba yangu shimoni. Mgongo wake aliujua kwa miaka ishirini. Mtu hashiki wayo wa mkewe vile. Alikuwa ameshika kama mtu aliyeshika jiwe.

"Ni jiwe, mama."

"Zuri?"

"Zuri. Nilichagua."

Alianza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi, nikamshika mpaka kikapita. Aliposhusha pumzi akasema alinyamaza kwa ajili ya baba, maana mtu aliyebeba uongo mzito vile hapaswi kuongezewa. Kisha akauliza tena, na mimi nikamwambia. Nilimwambia juu ya tanuri na yule mzee na shelisheli niliyokula. Nilimwambia ningeliyasema haya siku ya kwanza tusingebishana, angekatwa mapema, na leo asingekuwa hapa. Nilisema kwa utaratibu, hoja ya kwanza, hoja ya pili, mpaka hoja zikaniishia.

Mama hakusema nimesamehewa. Aliuliza, "Walichoma lini?"

"Asubuhi ile uliyoamka."

Alitazama juu kwenye paa, kamba kwa kamba.

"Wewe uliyesoma," alisema. "Unaungua kwa kuwa uliungua, au unaungua tu?"

Mjomba angemjibu. Bibi Moevao pia, na mchungaji, baada ya kakao. Mimi nilisema, "Sijui, mama."

"Basi lete maji."

Nilileta bakuli. Nikamwuliza nimwage wapi. Akanionyesha kwa kidevu: pale mkekani, chini, upande wa kulia, ambapo hapana kitu. Nilitazama barabarani kama kuna mtu anayeniona. Nikamwaga kidogo. Alisema si hapo, hapo ni kisigino, kinachoungua zaidi ni vidole. Nikasogeza bakuli. Nikamwaga polepole, nikatia mkono, nikapitisha vidole vyangu mahali ambapo pangekuwa na vyake, kimoja baada ya kingine, bila kuruka. Mama akafumba macho.

Sikumsikia baba. Alikuwa amesimama nje ya nguzo, miguu ina udongo, mti wa kubebea magimbi bado begani, na sijui alikuwa pale tangu lini.

"Unafanya nini?" aliuliza.

Ndilo swali la kwanza aliloniuliza tangu shimoni. Nilikuwa na majibu matatu tayari: mkeka umechafuka, maji yamemwagika, mchwa. Yote yalikuwa mazuri. Nikajaribu kulianza la kwanza, nikamwangalia mama, nikamwangalia baba.

"Wayo wa mama ulichomwa moto hospitali, baba, na mimi nilikuficha," nilisema. "Nauzima."

Baba aliteremsha mti begani, magimbi yakabingirika mpaka kwenye kokoto nyeupe. Akapanda sakafuni, akaketi ng'ambo ya mkeka, akaangalia mahali palipolowa.

"Sogea," alisema. "Umeacha kidole kidogo."